Mstari wa Tatu

Fomu imetoka Wete katika bahasha ya kaki:
"Eleza sababu za kushuka kwa ufaulu."
Chini yake mistari mitatu,
mifupi, kama aliyeichora
alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Kidato cha nne walikaa sitini na mmoja.
Waliovuka, tisa.
Kwenye kikao cha wilaya, pale Konde,
nguzo yetu ukutani ilikuwa kisiki,
na bwana mwenye kompyuta akaipita upesi, kwa staha,
kama apitaye penye kamba
jirani alipoanika nguo za ndani.

Niandike walimu hawatoshi? Kweli.
Wa fizikia tunamgawana skuli tatu,
huja Jumatano, mvua ikimruhusu,
pikipiki yake tunaijua kwa kikohozi.
Niandike utoro? Kweli pia.
Mwaka ule mikarafuu ilizaa hata ikainama,
na daftari langu la mahudhurio, Septemba nzima,
ni sifuri, sifuri, kama mayai yasiyoatamiwa.
Walirudi vidole vimebadilika rangi,
madaftari yananukia karafuu,
na Haji Mbarouk, ambaye hesabu ilimwangusha,
alikokotoa pishi kumi na saba na nusu
kwa bei ya juzi, kisha kwa bei ya leo,
akatoa deni la viatu, yote kichwani,
mie sijafungua kifuniko cha kalamu.

Bakar Shaame alinisimamisha mlangoni mwa msikiti
baada ya alasiri. Hakupaza sauti.
"Mwalimu, mtoto kasoma miaka yote hii.
Kafeli yeye, au mmefeli nyie?"
Nikavitafuta viatu vyangu muda mrefu
na vilikuwa mbele yangu.

Hilo nalo nililimeza.
Lisilomezeka ni la Time Khatib.

Jiografia, swali la tisa:
kwa nini bahari hujaa sana siku fulani za mwezi.
Kwa Kiingereza, bila shaka.
Time aliniambia mwenyewe: aliliacha wazi.
Time! Aliyefuatana na mamake kwenye mwani
tangu hajaota meno ya pili,
ajuaye bamvu na maji mafu
kwa kuutupia mwezi jicho moja juu ya paa la jiko,
ajuaye siku gani vigingi vitakuwa nje
na siku gani kwenda ni kujilowesha bure.
Nikamuuliza kwa lugha yetu.
Akapanga mezani kwangu:
kopo la chaki likawa jua,
kifutio kikawa mwezi, kikombe changu dunia,
akavisogeza hata vikakaa mstari mmoja.
"Hapa vinavuta pamoja, mwalimu.
Maji yatakataa vipi?"
Akakizungusha kifutio, akakiweka pembeni.
"Na hapa kila mmoja anavutia kwake. Maji mafu."
Kisha, akinitazama:
"Kwani ndilo lililoulizwa?"

Ndilo.

Na aliyemfundisha somo lile ni mimi.
Nililinakili ubaoni kutoka kitabuni,
maneno nusu yake nayajua kwa sura tu,
kama jamaa wa mbali harusini.
Wakanakili. Nikasema, kuna swali?
Kimya.
Nami, Mungu anisamehe, nikaushukuru ule ukimya,
nikapangusa chaki mikononi, nikatoka.

Saa nane sasa. Tarishi anaitaka bahasha yake.
Mstari wa kwanza: Uhaba wa walimu.
Wa pili: Utoro, hususan msimu wa karafuu.
Wa tatu nimeuelekea na kalamu mara mbili.
Nimeuacha kama Time alivyoacha lake,
nikapiga muhuri juu ya ule uwazi.
Wino haukushika vyema.
Jina la skuli limesomeka nusu.